Nyumba Kabla ya Mizani

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa sauti kubwa mbele ya kijiji kizima. Nilisimama kwenye mkutano wa hadhara, nikavaa miwani, nikafungua daftari, nikasoma jina la mama mmoja mtu mzima pamoja na maneno yaliyoandikwa mbele ya jina lake: hana makazi. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na kitu, kwa hiyo sauti ninayo. Hata wale waliokuwa nyuma kabisa, wameegemea baiskeli zao, walisikia.

Ngoja nieleze kwa mpangilio, maana nikianza kujilaumu huwa naruka mambo. Mimi ni mtu wa huku huku upande wa Sapiwi, nje ya mji wa Bariadi. Nilipostaafu, kijiji kikanichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Sababu waliyoitoa, tena bila haya, ni kwamba mwalimu anajua kugomba. Halmashauri ilikuwa na mradi wa kuwajengea nyumba watu wasio na pa kuishi. Wao wangetoa saruji, mabati na fundi; sisi tungetoa kiwanja, matofali, mchanga, maji na nguvu zetu. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na kibaraza. Nikasema hii ni kazi ya mwezi mmoja. Lo! Sikujua nasema nini.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mama huyo. Watu humwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nami namwita hivyo hivyo. Alikuwa analala kwenye ghala la pamba la chama cha ushirika. Pamba ikishapelekwa kiwandani, ghala hubaki tupu miezi mingi, na karani wa chama, mtu mwenye huruma, alimruhusu ajihifadhi mle kwa maelezo kwamba analinda. Analinda nini, panya? Lakini sote tulikubali kwamba analinda. Tatizo ni kwamba msimu wa ununuzi ukifunguliwa, mizani inatolewa nje, magunia ya pamba yanapangwa mpaka karibu na paa, na mayu anatoka na mkeka wake. Msimu uliotangulia alilala kwenye jiko la kanisa, ambalo lina ukuta pande tatu tu, akapata nimonia. Tulimpeleka hospitali Bariadi amebebwa. Daktari aliniita pembeni akaniambia kwamba mapafu ya yule mama hayawezi tena kuvumilia miezi mingine ya namna ile.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nyumba iwe na paa na mlango kabla mizani haijafunguliwa, na mizani hufunguliwa kwenye mwezi wa tano. Tulikuwa mwezi wa tatu.

Utauliza, mama wa watu alifikaje ghalani? Mumewe alipofariki, mila ilimtaka shemeji yake mkubwa amrithi. Shemeji mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Ni mzee mwenye ng'ombe wengi, mwenye heshima zake, mkimya. Mayu akakataa. Alimwambia mbele ya wazee wa ukoo kwamba amepika ugali wa mwanamume miaka arobaini na mkono umechoka. Wanawake tuliposikia tulicheka mpaka tukajishika mbavu, lakini kwa mzee yule lilikuwa kofi. Mayu akabeba chungu na jembe, akahamia kwenye kibanda cha udongo alichoazimwa kando ya barabara. Masika moja mvua ikakibomoa.

Ana mabinti wawili, wote wameolewa. Mmoja yuko Lingeka, kule Meatu, na alimsihi mama yake akaishi naye. Mayu alimwona binti yake kama ana wazimu. Kwetu mama na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Akija huyu, yule anaacha njia anaingia porini hata kama kuna miiba. "Sasa nikaishi naye nyumba moja," mayu aliniambia, "nitakuwa naishi nyumbani au nitakuwa naishi porini?"

Turudi kwenye mkutano. Kijiji kilikuwa kimetupa kiwanja mbugani. Asiyejua udongo wetu mweusi wa mbuga nimweleze: kiangazi unapasuka mpaka mkono unazama, masika unavimba. Mpunga unaupenda, nyumba haiupendi hata kidogo. Fundi wetu, mtu wa Nassa, kule ziwani, aliyekimbia samaki akaja kushika mwiko, alitia kijiti ardhini, akakichomoa, akanitazama. "Mwalimu, nyumba hapa mwaka wa pili itafunguka yenyewe," akasema. "Utalala ndani unaona nyota." Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasema ardhi nzuri yote ina wenyewe, na mbuga ndiyo iliyobaki. Nikapandwa na hasira. Nikajiambia, ngoja mkutano uje, nitawaaibisha mpaka mtu atoe kiwanja.

Ndipo nikasoma jina. Fomu ya halmashauri ilikuwa imeandikwa hivyo, jina la mtu asiye na makazi, nami nilikuwa nimeijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Nikamalizia kwa kusema, "Na nyie mnaona sawa tu!"

Watu walitazama chini. Kisha mzee, yule shemeji mkubwa, akainuka taratibu, akavaa kofia yake, akaondoka. Nyuma yake wakainuka wanaume wa ukoo wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka upande ule wa mkutano ukabaki na mawe tu waliyokuwa wameyakalia.

"Mwalimu," fundi akaninong'oneza, "umemvua nguo mzee wa watu."

"Nimemvua nguo nani? Nimesema uongo?"

"Hujasema uongo. Ndiyo maana ameondoka."

Haki ya Mungu, nilikuwa nimejisahau. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa hapa, nimewazika wazazi wangu hapa, na bado karatasi ya ofisini ilinipumbaza. Kwetu huku mtu anaweza kukosa chakula, akakosa ng'ombe, akakosa hata akili, lakini hakosi kwao. Ukisema mke wa ukoo fulani hana makazi, husemi habari za nyumba. Unasema ukoo ule umekufa, wameisha, hawapo. Hata Mwanza mjini mtu akiwa analala stendi, tunasema yuko mbali na kwao, hatusemi hana. Mimi nililisema lile neno kwa sauti yangu ya darasani, mbele ya ukoo wenyewe.

Siku ya tatu asubuhi, karani wa ushirika akanipigia simu. "Mwalimu, njoo, kuna mkokoteni hapa ghalani." Nilifunga khanga nikaenda mbio, na mbio zangu siku hizi ni za kuhurumiwa. Nikakuta mkokoteni wa ng'ombe wawili, na mtoto mkubwa wa mzee, baba wa watu mwenye familia yake, anamsaidia mayu kupanda. Mkeka ulishawekwa, chungu kilishawekwa.

"Tumekuja kumchukua mama yetu," akaniambia. Alinisalimia vizuri, maana nilimfundisha darasa la nne, lakini macho yake hayakuwa na salamu.

"Mayu, unataka kwenda?" nikauliza.

"Acha, mwalimu," akasema mayu kutoka juu ya mkokoteni. "Nikikataa tena watasema nimeota pembe." Wakaondoka.

Nilirudi nyumbani nikalala kitandani mchana kweupe, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na malaria. Na balaa haliji peke yake. Habari zilifika halmashauri kwamba mlengwa wetu ameshapata pa kuishi. Afisa wa mradi, binti mmoja mchangamfu, akanipigia: kama ni hivyo, mama anatolewa kwenye orodha, na mabati yaliyokuwa yamelala ofisi ya kata yatapelekwa kijiji kingine kilicho tayari. Nilimwomba anipe muda. Akasema, "Mama, nitakuvutia muda kidogo, ila si sana."

Siku ya kumi na moja mayu alirudi. Alikuja kwa miguu, chungu kichwani, jembe hana. Nilimkuta ameshatandika mkeka pale pale ghalani, anakohoa kidogo.

"Wamekufukuza?"

"Nani anifukuze? Wamenilisha nyama mpaka tumbo likashangaa."

"Walikulaza wapi?"

Akacheka. "Kwenye kibanda cha pamba." Walikuwa wameanza kuvuna, nyumba zote zimejaa wake na wajukuu, na mahali palipobaki ni kule walikoweka pamba yao. Alitoka kwenye ghala la pamba la ushirika akaenda kulala kwenye pamba ya familia. Lakini si hilo lililomrudisha.

"Mwalimu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Siku ya tatu niliomba jembe. Wakasema, pumzika, mama. Siku ya tano nikaomba. Pumzika, mama. Jembe langu mwenyewe walilificha. Siku ya kumi nikajua hawa watanipumzisha mpaka nife. Nilikuwa mgeni tu pale. Mgeni wa nyama kila siku, lakini mgeni."

Nilikaa naye mlangoni mwa ghala hadi jua likawa kali. Zilikuwa zimebaki wiki tano, labda sita. Karani alishaanza kufagia na kuhesabu magunia. Fundi aliponiona njiani akaniambia maneno ambayo nilikuwa nayajua lakini sikutaka kuyasikia: "Ulimi ndio uliovunja, mwalimu. Ukaunge kwa ulimi huo huo."

Basi nikaenda kwa mzee. Nilibeba sukari na majani ya chai, nikavuka ua wa miti ya minyaa unaozunguka boma lake, nikamkuta anatengeneza nira. Nikapiga goti kidogo, goti langu likalia. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu." Uongo mtupu. Hali ilikuwa mbaya, lakini ndivyo tunavyojibu, kwamba ni amani tu.

Alinielekeza kwenye kigoda. Akaendelea na nira yake. Mwishowe akasema bila kuniangalia, "Umenifundishia watoto wanne, mwalimu. Nikakushukuru. Kisha ukaja ukanichapa viboko mbele yao."

"Nimekosa, baba. Nisamehe."

Kusema maneno yale mawili kuliniuma kuliko kung'oa jino. Nilitaka kuongeza "lakini", ilikuwa imeshafika kwenye meno, nikaimeza. Nafikiri aliiona inavyoshuka kooni.

"Mimi sikumfukuza," akasema. "Alikataa. Wazee wapo, walisikia."

"Najua, baba."

"Wewe unajua. Watu hawajui. Wanapita barabarani wanaona mke wa ndugu yangu analala na magunia, wanasema yule mzee ana ng'ombe lakini hana moyo. Nimemtumia watu mara ngapi? Hataki. Nimfunge kamba?" Na mimi, niliyekuja nikidhani namjua, nikaona haya upya. Miaka yote ile nilikuwa nikipita nje ya minyaa ile nikimsema moyoni.

Nikamuuliza swali ambalo sikulipanga. "Baba, nyumba yake ijengwe na nani?"

Akaacha nira. "Mke wa ukoo huu hajengewi na kamati."

"Basi ijengwe na ukoo. Ninyi ndio mwite watu. Kamati itakuja kusaidia kama jirani yeyote anavyokuja."

Akanitazama mara ya kwanza. "Na mabati?"

"Jirani ana mabati."

"Saruji?"

"Jirani anayo pia."

"Fundi?"

"Anatoka Nassa, lakini ni jirani."

Mzee alicheka, jamani. Alicheka mpaka mke wake mdogo akachungulia kutoka jikoni. Halafu akaanza kunigombeza mimi, na nikajua tumepona. "Na kule mbugani mlikotaka kumweka, mlitaka ajenge na vyura? Ninyi wasomi! Nitakata kiwanja huku juu, kwenye luseni." Luseni ni udongo wetu wa kichanga, wa mwinuko, unaobeba nyumba vizuri. Alitoa sharti moja tu: lile neno lisiandikwe popote karibu na jina la ukoo wake.

Mayu naye alikuwa na masharti, tena mengi zaidi. Nyumba iwe nje ya minyaa, si ndani. Mlango uangalie barabara, usiangalie kwa shemeji. Jembe lake lirudishwe. "Na asije akadhani nimemkubali," akasema.

"Mayu, una miaka sabini na kitu."

"Wanaume wana kumbukumbu ndefu," akanijibu, uso mkavu kabisa.

Nikadhani vikwazo vimekwisha. Wapi! Yule binti, afisa wa mradi, ambaye nilikwisha mwambia kwamba mayu amerudi ghalani, alikuja na pikipiki, na nyuma amefunga kibao cha bati kilichopakwa rangi mpya, herufi kubwa: nyumba ya mtu asiye na makazi. Kilitakiwa kisimikwe mbele ya nyumba, mlengwa asimame kando yake, apigwe picha, picha iingizwe kwenye mfumo. Na kiwanja kilitakiwa kiwe cha kijiji, si cha ukoo. Nikamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na upumbavu wangu. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nimekuelewa, mama yangu. Ila mfumo haukubali."

"Mfumo haunyeshewi mvua!" nikasema. Nilikuwa nimeshasimama. "Mwambie mfumo uje ulale ghalani siku moja tu."

Nilitegemea akasirike. Badala yake akaketi juu ya rundo la matofali, akatoa simu yake, akaanza kupekua fomu ukurasa kwa ukurasa. Bibi yake yuko Itilima, aliniambia akiendelea kupekua, na kama mtu angemsimamisha bibi yake kando ya kibao kama kile, baba yake angeng'oa kibao na mtu mwenyewe. Baada ya muda akapata sehemu iliyoandikwa ujenzi kwa nguvu za wananchi, ambayo haidai kibao. Mzee na wenzake wakaandika muhtasari kwamba wanaachia kiwanja kwa kijiji kwa matumizi ya mayu maisha yake yote, wakaweka dole gumba na sahihi. Picha ikapigwa ya msingi, bila mtu. Kibao kikarudi Bariadi nyuma ya pikipiki, maandishi yakitazama chini.

Nampenda yule binti mpaka leo. Tangu wakati ule tumejenga nyumba nyingine mbili kwa njia hii, na hatujasoma jina la mtu mkutanoni hata mara moja. Kwanza tunakwenda kwa ukoo, tunakaa kwenye kigoda, tunakunywa maziwa ya mgando, tunauliza ninyi mnajenga lini ili sisi majirani tuje. Inachukua muda mrefu kuliko kujaza fomu. Haina njia ya mkato, na mimi nisiyependa kungoja nimejifunza kungoja.

Ujenzi wenyewe ulikuwa raha tupu. Mzee aliita vijana wa kijiji kupitia nsumba ntale, kiongozi wao, yule yule anayewapanga kulima mashamba ya watu kwa zamu. Walikuja na nyimbo zao, wanabeba matofali kwa mstari, anayedondosha tofali anatungiwa wimbo hapo hapo, na jina la mkewe linaingizwa. Wanawake tulibeba maji na kupika. Siku ya kuezeka mzee alichinja dume. Mayu alikuwa anazunguka na jembe lake anasawazisha ardhi ambayo hakuna aliyemwomba asawazishe, na mzee akipita anasema kwa sauti ili asikike, "Mwambieni yule mama apumzike," na mayu anajibu kwa sauti ili asikike, "Mwambieni yule mzee nimepumzika vya kutosha." Watu wanaangua kicheko. Sikumbuki lini nimefurahi vile.

Kisha tangazo likaja: mizani inafunguliwa Jumatatu. Paa lilikuwepo, madirisha yalikuwepo, sakafu ilikuwa imekauka. Mlango haukuwepo. Seremala wa mjini alikuwa ananiambia kesho tangu wiki mbili nyuma. Jumamosi nilimfuata mwenyewe kwa bodaboda, nikakuta karakana imefungwa kwa kufuli. Kaenda shambani kwake kuvuna pamba. Nilitukana, Mungu anisamehe. Usiku kulikuwa na ubaridi siku zile, na kikohozi cha mayu kilikuwa kimerudi. Jumapili baada ya ibada tukakubaliana kutundika turubai, bora siku zipite. Nilikuwa nafunga kamba ya turubai ile, nikasikia watu wanakuja.

Alikuwa mzee na wanawe wawili, wamebeba mlango. Mlango mzito wa mninga, mkubwa kidogo kuliko tundu letu, wenye bawaba zake na kitasa chake, na upande mmoja umepauka kwa jua. Niliutambua. Ulikuwa mlango wa sebule yake mwenyewe. Alikuwa ameung'oa asubuhi ile.

"Baba, na kwako je?" nikauliza.

"Kwangu kuna wanaume," akasema, "na kuna mbwa." Akamwita fundi achonge pembeni ili uingie. Mayu alikuwa amesimama kando ya mafiga. Akaja mpaka alipo mzee, akainama, akasema "Wabeja," yaani asante, neno moja tu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Hawakuwa wamezungumza ana kwa ana tangu matanga ya mumewe.

Jumatatu mizani ilifunguliwa. Nilishinda pale ushirika na watu, nikaangalia magunia yanavyoingia ghalani hadi kona aliyokuwa anatandika mkeka wake ikafunikwa, na sikuhisi woga wowote.

Jumanne asubuhi nikaenda kumwona. Nilikuwa nimembebea dagaa, na nilikuwa na maneno mengi, habari za mizani, habari za seremala ambaye sasa alikuwa ananipigia simu yeye. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nikausukuma kwa bega, nikaingia huku naongea, nikaweka dagaa chini, nikaanza kutafuta pa kukaa.

Mayu alikuwa kwenye kigoda, anachagua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo. Hakuitikia. Alinitazama miguu, kisha akanitazama usoni.

"Mwalimu," akasema. "Toka."

Nilidhani sijamsikia vizuri. "Mayu?"

"Toka nje, ufunge mlango, upige hodi."

Nikatoka. Mimi, mwenyekiti wa kamati, niliyekosa usingizi miezi mitatu kwa ajili ya nyumba ile, nikatoka na dagaa zangu, nikafunga mlango. Nikapiga hodi. Yuko hatua tatu kutoka nilipo, nasikia ungo unavyopepetwa. Nikapiga tena. Ungo ukatulia. Kuna mtu alikuwa anapita barabarani na baiskeli, akanishangaa, nikamwambia aende zake. Nikapiga hodi mara ya tatu.

Nikasikia anainuka, anafuta mikono, anakuja taratibu, miguu inaburuza kwenye saruji mpya. Aliufungua mlango mwenyewe, wote, mpaka ukagonga ukuta.

"Karibu," akasema mayu. "Karibu kwangu."